Nani Anampima Fundi?

Mimi nauza mboga. Nasema mapema ili baadaye mtu asije akaniambia, "Kumbe unasimulia ili tununue mchicha wako!" Hapana. Nasimulia kwa sababu niliona kwa macho yangu.

Meza yangu ya mboga iko nje ya mlango wangu. Mlango unaofuata ni wa Fundi cherehani na mkewe. Nyumba zetu zina ukuta mmoja, nao ni mwembamba. Mimi si mtu wa kusikiliza mambo ya watu. Ukuta ndio unaoniambia.

Fundi huyu ni hodari. Anajua viuno vya mtaa mzima. Ukipita mbele ya mlango wake anakutazama mara moja tu, halafu anasema, "Jirani, umeongezeka. Lete lile gauni niliachie kidogo." Unaudhika, unakwenda nyumbani, unalivaa gauni. Kweli, linakubana.

Fundi hatembei. Miaka mingi iliyopita alipanda juu ya paa kuziba tundu linalovuja. Akateleza, akaanguka. Mgongo uliumia na miguu ikapoteza nguvu. Alilia siku zake, kisha akafuta machozi. Aliuza cherehani ya miguu, akanunua ya mkono. Tangu hapo anakaa kwenye kiti cha magurudumu. Mkono mmoja unazungusha cherehani, mwingine unaongoza kitambaa, na mdomo unapiga soga. Mdomo haukuumia hata kidogo.

Suruali zake anajishonea mwenyewe. Zina lastiki kiunoni. Pembeni, kutoka kiunoni mpaka chini, zina kipande cha kitambaa cha rangi nyingine. Ya bluu ina kipande chekundu. Ya kijivu ina kipande cha kijani. Sisi tulidhani ni urembo. Vijana waliupenda, wakaja na vitambaa vyao.

"Fundi, tushonee mtindo wako!"

Akawashonea. Mtaa mzima ukavaa vipande pembeni. Hakuna aliyeuliza mtindo ule ulitoka wapi.

Watu walimpenda sana Fundi. Na kila aliyempenda alimletea kitu cha kula. Upande wake wa pili yuko Kinyozi, rafiki yake mkubwa. Huyo alimletea soda kila mchana. Wateja walileta keki, biskuti na karanga za sukari. "Masikini, hatembei," walisema. "Acha ale basi." Na mkewe ndiye aliyewashinda wote. Asubuhi, chai yenye sukari hadi kijiko kinasimama. Mkate, siagi pande zote mbili. Mchana, mlima wa wali na viazi vya kukaanga.

"Kula, Fundi wangu," alikuwa akimwambia. "Chakula ndiyo miguu yako."

Zamani Fundi aliweza kuhama mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Alikuwa na ubao laini. Aliuweka katikati, upande mmoja kitandani, upande mwingine kwenye kiti. Kisha alibana ngumi, akajisukuma kwa mikono, akateleza polepole mpaka ng'ambo. Kumbe mwili ulikuwa unaongezeka kidogo kidogo. Mikono ikaanza kushindwa. Ubao ukasimamishwa nyuma ya mlango, mkewe akaanza kumbeba.

Mimi nilimwonya mama yule. "Jirani, mgongo huo utakuja kukulilia."

Akanijibu, "Ng'ombe haelemewi na nunduye."

Nikarudi kwenye mboga zangu. Mithali ni nzuri, lakini mgongo hausikii mithali.

Asubuhi moja nilikuwa napanga nyanya zangu. Ukuta ukapiga kelele, "Mama yangu wee!" Niliacha nyanya, nikakimbia. Mkewe Fundi alikuwa ameinama, mkono mgongoni, hawezi kunyooka. Fundi mwenyewe alikuwa nusu kitandani, nusu hewani, ameshika shuka kwa mikono yote miwili.

"Kinyozi!" niliita. "Kinyozi, njoo upesi!"

Kinyozi alikuja na mkasi mkononi. Mteja wake akamfuata, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Sisi watatu tulimshika Fundi. "Moja, mbili, tatu!" Kitanda kililia, kiti kililia, na sisi tukalia. Mwishowe Fundi akakaa kwenye kiti chake.

Siku nyingine yoyote angetania. Angesema neno kuhusu kichwa cha yule mteja. Siku hiyo hakutania. Alimtazama mkewe tu, macho yamejaa maji.

"Mama watoto," alisema, "nimekuumiza."

Watoto wao wameoa na kuolewa, wako mbali. Kwa hiyo habari zilifika kwa kaka yake Fundi. Kaka huyo ni mtu mwema. Ana gari, ana nyumba kubwa, na ana sauti inayotangulia kabla yeye hajaingia. Alikuja mwisho wa juma, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mdogo wangu, hali hii haiwezekani," alisema. "Shemeji mgongo umekwisha. Kwangu kuna vijana wangu wawili wenye nguvu. Shule zikifungwa watakuwa nyumbani. Nitakuja na gari tukuchukue. Utakaa kwangu."

"Na cherehani yangu?" Fundi aliuliza.

"Ya nini tena? Utapumzika."

"Na mke wangu?"

"Atabaki hapa auguze mgongo wake. Atakuja kukuona."

"Kaka, mimi sijachoka. Nipumzike na nini?"

"Unataka shemeji avunjike kabisa?"

Hapo Fundi akaishika cherehani yake. Akainama. Kaka akampiga bega kwa upole, akaaga. Jioni ile ukuta uliniambia jambo ambalo sikupenda kulisikia. Fundi alikuwa analia, na mkewe alikuwa anamwambia, "Huendi popote. Huendi popote, nimesema." Nami huku kwangu nikalia pia. Ndiyo, nililia. Mtaa wetu bila Fundi ungekuwa mtaa gani?

Siku chache baadaye Sista alikuja kuchukua gauni lake la kazi. Sista ni muuguzi katika kituo cha afya. Kazi yake ni kuwasaidia watu walioumia kutumia viungo vyao tena. Alilikunjua gauni, akaligeuza, akashangaa.

"Fundi, mfuko huu unafunguka kwa ndani. Nitaweka kalamu tumboni?"

Fundi alilitazama gauni kama mtu anayeona kazi ya mwanagenzi. "Nisamehe, Sista. Akili yangu haipo."

"Iko wapi?"

Basi akamweleza yote. Mgongo wa mkewe, kaka, gari, shule zikifungwa. Mkewe alikuwa amelala kwenye mkeka pale pale, akiongeza maneno. Mimi nilikuwa mlangoni, nikiongeza yaliyosahauliwa.

Sista alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Zamani ulikuwa unahama mwenyewe?"

"Mwenyewe! Kwa ubao ule pale."

"Kwa nini uliacha?"

"Mikono imezeeka."

"Mikono inayozungusha cherehani kutwa nzima?" Sista alimshika mkono, akaubonyeza juu. "Mikono hii ni mizima. Ila mzigo umekuwa mkubwa. Hebu nipe tepu yako."

"Ya nini?"

"Nikupime."

Fundi alicheka kwa mara ya kwanza juma lile. "Sista, mimi ndiye ninayepima watu hapa."

"Najua. Na wewe nani anakupima?"

Wakati huo huo Kinyozi aliingia na soda yake ya kila siku.

"Ndiyo maana wazee walisema kinyozi hajinyoi," alisema Sista.

Sote tukamgeukia Kinyozi. Nywele zake siku hiyo zilikuwa zimesimama pande zote.

"Mimi nimeingiaje hapa?" aliuliza Kinyozi, akijishika kichwa. Tukacheka mpaka mama wa mgongo akasema tumwonee huruma, kucheka kunamuuma.

Sista alizungusha tepu kiunoni kwa Fundi, juu ya kitovu kidogo. Akasoma.

"Rudia," alisema Fundi.

Akarudia.

"Tepu hiyo imevutika."

"Ni tepu yako, Fundi."

Fundi aliitazama tepu. Kisha akashika kile kipande chekundu kwenye suruali yake. Akakitandaza kwa vidole. Kilikuwa kipana kama kiganja.

"Kilikuwa chembamba kama kidole," alisema polepole. "Suruali ikinibana, natia kipande. Ikinibana tena, nafumua, natia kipana zaidi. Nguo haijapata kunibana siku mbili mfululizo. Ningejuaje?"

"Watu wengine wanaonywa na nguo zao," alisema Sista. "Wewe nguo ulizifunga mdomo."

Kinyozi aliitazama suruali yake mwenyewe. Nayo ilikuwa na kipande cha njano pembeni. "Ina maana huu si mtindo?" aliuliza. "Miaka yote hii nimevaa tumbo lako?"

Jamani! Hapo hata Fundi alicheka mpaka machozi.

Tulipotulia, Sista akavuta kiti. "Sikilizeni. Chakula ni nguvu. Mtu anayebeba matofali anakula, na nguvu ile anaitumia. Wewe, Fundi, unatumia mikono tu. Miguu haitumii kitu. Lakini unakula sahani ya mbeba matofali. Nguvu isiyotumika haipotei. Mwili unaigeuza mafuta, unaiweka akiba."

"Basi nimekwisha," alisema Fundi. "Mimi siwezi kukimbia wala kutembea. Nitapunguaje?"

"Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa bure. Mazoezi yana faida, na nitakufundisha ya mikono. Lakini njia kubwa inapita kwenye sahani na kikombe. Sahani haihitaji miguu."

Mkewe aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka. "Sista, usinitie matatani. Mume wangu akikonda, watu watasema nini? Shemeji atasema simlishi. Watu wana midomo."

"Mama, mimi sisemi umnyime. Nasema mpangie. Nipe sahani."

Nilimpa sahani tupu ya bati. Sista akaokota chaki ya Fundi pale mezani. Akachora mstari katikati ya sahani. Kisha nusu moja akaigawa mara mbili.

"Fundi, wewe unajua kukata kitambaa. Sahani nayo inakatwa. Nusu hii nzima ni mboga. Robo hii ni wali, au viazi, au ugali. Chakula kimoja, si vyote kwa pamoja. Robo hii ni maharagwe, au samaki, au yai, au kuku. Kipimo ni sahani moja, wala si mlima. Kula polepole. Ukimaliza, tulia kwanza. Shibe huchelewa kufika."

"Nusu nzima mboga?" Fundi alinigeukia. "Jirani, umemlipa Sista huyu?"

Naapa sikumlipa.

"Na kikombe?" aliuliza mkewe.

"Sukari ya kwenye chai mnaipunguza kidogo kidogo mpaka mdomo uzoee. Soda moja ina sukari nyingi kuliko mnavyodhani. Kiu inataka maji. Mafuta pimeni kwa kijiko, msimimine kutoka kwenye chupa. Viazi chemsheni badala ya kukaanga. Na hizi zawadi za keki, hizi..."

Sote tukatazama chini. Kinyozi aliificha soda nyuma ya mgongo.

"Lakini kwanza," alisema Sista, "njoo kituoni. Tukupime presha na sukari. Tuangalie na ngozi yako, maana mtu anayekaa kutwa anaweza kupata vidonda asijue. Mtu asibadilishe chakula chake sana kabla hajaangaliwa, hasa kama anatumia dawa."

Kesho yake Kinyozi alisukuma kiti mpaka kituoni. Presha ilikuwa imepanda kidogo. Sukari ilikuwa bado salama. Ngozi ilikuwa nzima. "Umekuja kwa wakati," daktari alimwambia.

Sasa ningependa kusema kwamba Fundi alifuata maneno ya Sista siku hiyo hiyo. Thubutu! Fundi ana haraka zake. Alifikiria gari la kaka yake, akafikiria shule zinavyokaribia kufungwa, akaamua kuacha kula kabisa. Asubuhi hakula. Mchana, mkewe akigeuka, sahani inakwenda kwa Kinyozi. Kinyozi naye hakukataa, si unamjua. Mimi nilidhani Fundi anakula mboga zangu, kumbe zinaliwa na nyumba ya tatu.

Siku ya tatu Fundi alimfokea mteja. Alishona mkono wa shati mahali pa kola. Sindano ikamchoma kidole. Mwishowe akaegemeza kichwa juu ya cherehani, jasho jembamba linamtoka. Nilimtuma Kinyozi amwite Sista.

"Umekula nini leo?" Sista alimuuliza.

"Maji."

"Na jana?"

"Maji na hamu."

Sista hakucheka. "Fundi, unajua mwili ukikosa chakula unafanya nini? Hauli mafuta peke yake. Unakula na misuli. Misuli yako mikubwa iko wapi?"

Fundi alitazama mikono yake.

"Mkeo alikuambia chakula ndiyo miguu yako. Si chakula. Mikono yako ndiyo miguu yako. Unataka kuipoteza miguu mara ya pili?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Basi kula. Kula milo yako yote, kwa kipimo. Maharagwe na samaki vinalisha misuli hiyo. Haraka haraka haina baraka. Uzito haukuja kwa siku tatu, na hautaondoka kwa siku tatu."

Mkewe alimgeukia Kinyozi. "Na wewe! Unakula chakula cha mgonjwa!"

"Shemeji, kilikuwa kitamu," alisema Kinyozi. "Na mboga zile zimenisaidia tumbo."

Kuanzia hapo mambo yakaenda sawasawa. Kila mlo, sahani ilichorwa kwanza kwa chaki. Baada ya muda hawakuhitaji kuchora. Chai ya kwanza yenye sukari kidogo Fundi aliinywa amekunja uso, macho amefumba. Baadaye akaizoea. Siku moja mteja alimletea chai yenye sukari kama ya zamani, akaonja, akaitema. "Hii ni chai au ni uji wa sukari?" alisema. Mkewe alipiga vigelegele.

Kinyozi hakuacha kuja mchana. Urafiki haukatwi. Ila sasa alikuja na chupa ya maji baridi, wakanywa pamoja wakisengenya. Wateja nao waliambiwa na mkewe Fundi, "Anayempenda Fundi amletee tunda moja." Wakaleta machungwa, mapapai, matango. Msinitazame hivyo. Ndiyo, walinunua kwangu. Mlitaka wanunue wapi?

Mgongo wa mama ulipumzika. Kwa wakati ule Kinyozi na mimi ndio tuliomhamisha Fundi asubuhi na jioni. Sista alituonyesha jinsi ya kutumia ule ubao, ili tusimbebe hewani. Alimfundisha Fundi pia mazoezi yake. "Kwanza funga breki za kiti. Kisha shika mikono ya kiti, jisukume juu mpaka makalio yainuke. Shuka polepole. Ngozi yako itapumua, na mikono itakumbuka kazi yake." Mwanzoni makalio hayakuinuka. Kiti tu ndicho kilichoguna. Lakini Fundi alifanya kati ya shati na shati, kila siku, huku akiimba. Wateja wakajifunza kusubiri.

Kila mwisho wa juma mkewe alimpima kwa tepu. Mzani wa kusimama Fundi hawezi kuutumia, lakini tepu inamtosha. Kiuno kikashuka kidogo, kikashuka tena. Halafu juma moja tepu ikagoma kabisa.

"Mboga hizi zimechoka," alisema Fundi kwa hasira.

"Mboga zangu?" nilimjibu. "Usinichafulie biashara!"

Siku hiyo hiyo niliomba uzi mweupe. Nikavuta droo ya cherehani. Ndani ya droo, chini ya uzi, kulikuwa na mfuko wa karanga za sukari.

"Hizo ni za... ni za macho," alisema Fundi. "Zinanisaidia kuona tundu la sindano."

Mkewe aliunyanyua mfuko ule kwa vidole viwili, akanipa nikawagawie watoto wa njiani. Tulimwambia Sista. Yeye alicheka tu. "Mtu akiteleza anainuka," alisema. "Mlo mmoja mbaya hauharibu kazi nzima. Ubaya ni kukata tamaa." Na juma lililofuata tepu ikashuka.

Suruali ya bluu ikaanza kumvuka. Fundi alifumua kile kipande chekundu, akakipunguza. Akakipunguza tena. Siku moja akakitoa kabisa, akashona mshono mmoja ulionyooka. Vijana wakaja juu. "Fundi, mbona umebadilisha mtindo bila kutuambia?"

"Mtindo ule umepitwa na wakati," aliwajibu. "Nendeni mkale mboga."

Halafu ikaja ile asubuhi. Nilikuwa nanyunyizia mchicha maji. Ukuta ukapiga kelele, "Eee! Eee! Jirani!" Nikasema, amekwisha anguka. Nikakimbia na fungu la mchicha mkononi.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Ubao ulikuwa bado katikati ya kiti na kitanda. Mkewe alikuwa amesimama mbali, ukutani kabisa, mikono mdomoni.

"Nani amemhamisha?" niliuliza.

"Hakuna aliyemgusa!" mkewe alilia. "Hakuna! Mwenyewe!"

"Jirani, kaa nikuonyeshe tena," alisema Fundi. Akafunga breki, akabana ngumi, akateleza mpaka kitandani. Kisha akarudi. Nilirusha mchicha juu. Tulikumbatiana watatu, tukacheka, tukalia, sijui tulianza na lipi. Siku ile alimwonyesha kila aliyeingia, hata mtu aliyekuja kuchukua kaptura yake tu.

Shule zikafungwa. Kaka akaja na gari, na vijana wake wawili wenye vifua vipana. Sauti yake ikatangulia kama kawaida. Alipoingia, akasimama.

"Shemeji! Mbona mdogo wangu amepungua hivi? Humlishi?"

Mkewe Fundi alishika kiuno. Neno lile alikuwa amelisubiri siku nyingi. "Namlisha, shemeji. Zamani ndiyo sikuwa namlisha, nilikuwa namjaza."

Kaka hakuelewa. "Haya, vijana, mchukueni baba yenu mdogo. Taratibu."

Vijana walikunja mikono ya mashati. Fundi akawainulia kiganja. "Wanangu, mikono hiyo leo ni ya kunisalimia tu. Nifungulieni mlango wa gari."

Alijisukuma mpaka nje. Mtaa mzima ulikuwa umetoka. Alisogeza kiti karibu na gari, akafunga breki. Akaweka ubao wake kutoka kwenye kiti mpaka kwenye kiti cha gari. Mkewe hakusogea. Mimi sikusogea. Kinyozi aliuma kidole. Fundi alibana ngumi, akavuta pumzi, akateleza. Mguu mmoja akauingiza kwa mikono, kisha wa pili. Akajifunga mkanda.

Kaka alibaki mdomo wazi, mikono imetangulizwa mbele kana kwamba bado anataka kubeba.

"Umeweza lini?" aliuliza, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo.

"Nimeweza, kaka. Ingia tuondoke. Mama watoto, panda nyuma."

"Kwa hiyo umekubali kuhamia kwangu?"

"Nimekubali kuja kwako. Kwa chakula cha mchana. Jioni utanirudisha, nina gauni jingine la Sista halijakwisha." Akatoa chaki mfukoni. "Nimekuja na hii. Mke wako ana mkono mkubwa wa kupakua, nitamchorea sahani."

Mtaa ulicheka mpaka gari likapinda kona.

Jioni walirudi. Fundi alitoka kwenye gari kama alivyoingia, kwa ubao wake na mikono yake. Mkewe aliubeba mkoba tu, mgongo umenyooka. Vijana waliaga kwa heshima. Lakini kaka hakuondoka. Alizungukazunguka mlangoni, tumbo lake limetangulia, vifungo vya shati vimekaza. Mimi nilikuwa nafunika nyanya zangu, sikuwa nasikiliza.

"Mdogo wangu," alisema, "nisamehe. Nilitaka kukuondoa kwako. Sitarudia neno hilo."

"Ulitaka kunisaidia, kaka. Yamekwisha."

Kaka alikohoa. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Hiyo tepu yako," alinong'ona, "iko wapi?"

Fundi aliivuta kutoka shingoni. "Sogea hapa, kaka. Pumua kama kawaida. Na tumbo usiliingize ndani, sisi mafundi tunajua."